Makasia na Vibao vya Mtoni

Mume wangu amepiga makasia karibu maisha yake yote, na mpiga makasia huupa mgongo upande anakokwenda. Hukaa katikati ya boti, uso ameuelekeza nyuma, akavuta. Anayejua kinachokuja ni abiria. Yeye anajua kilichopita. Ndivyo nilivyoolewa mimi. Nilikuwa abiria wa kila siku, na mfuko wangu wa vitambaa mapajani, na yule kijana hakuwa na pa kutazama isipokuwa usoni kwangu. Nikimwambia kushoto kidogo, kuna gogo, anavuta kushoto bila kugeuza shingo. Mwanamume anayekuamini kiasi hicho humwachi, hata kama ana masikio makubwa.

Watu walimbandika jina la Makasia, na boti yake ikawa ndiyo basi lao. Iliteremka kutoka gati ya juu hadi gati ya chini, ikapanda tena, imebeba walimu, wagonjwa, magunia ya kabichi, na mara moja jeneza. Halafu barabara ikawekwa lami, daraja likajengwa, na abiria wakahama. Hakuna aliyemfukuza kazi. Walimwacha mmoja mmoja, huku wakimpungia mikono kwa adabu kutoka madirishani mwa magari.

Mwaka uliofuata sitaki urudi. Alikaa kwenye kiti kando ya cherehani yangu, mikono mapajani, akitazama ukuta. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mlevi, hakugombana na mtu. Asubuhi nilimwamsha kwa maneno makali, maana ya upole hayakumfikia, nikamsukuma bafuni, nikamweka kitini, na jioni nikamkuta palepale. Chakula kikipungua chumvi anakula. Kikizidi chumvi anakula. Binti yetu, ambaye ni muuguzi na anaishi mbali, alikuwa akipiga simu kuuliza baba anasemaje, nami nikawa namjibu kwamba baba hasemi.

Kisha halmashauri ikaja na mradi wake. Ule mto usio na abiria ungefanywa njia ya maji ya kutembelea. Watu wa mjini wangekuja siku za mapumziko, wakodi mitumbwi na kayaki, wateremke polepole wakitazama ndege, washuke kwenye magati kula na kupumzika. Nilipoelezwa nilicheka hadi nikajichoma sindano. Yaani mtu ana gari, ana kochi nyumbani, anakuja hapa kuchoka kwa hiari yake. Lakini msimamizi wa mradi, mwanamke kijana anayetembea upesi kama mtu aliyeacha chungu jikoni, aliniletea jaketi za kuelea nizibadilishe mikanda, na kazi ni kazi. Nikabadilisha sindano, nikaweka ile nene ya turubai, nikatia uzi wa nailoni.

Siku aliyokuja kuzichukua nilimwonyesha mtu aliyekaa kitini. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba huyu ndiye anayeujua mto, na kama anatafuta wa kusimamisha vibao asihangaike na wageni. Msimamizi akamtazama Makasia, akanitazama mimi, nadhani akaogopa kukataa. Akasema sawa, aanze na vibao. Kazi ikiwa nzuri, njia ikifunguliwa atapewa kazi ya kudumu ya ulinzi wake: kuipitia kila siku, kusafisha magati, kuwakwamua wageni waliokwama.

Basi nikaona mtu anafufuka. Siku ya kwanza alinyoa ndevu. Siku chache baadaye nikamsikia akiimba kwa pua uani huku akipaka rangi mbao. Alichora herufi mwenyewe, nyeupe juu ya kijani, zimenyooka kama pindo langu: "Gati ya Pili, pumzika hapa." "Mawe, pita katikati." Alipakia nguzo kwenye boti yake ya zamani, akateremka nazo, akazichimbia moja moja ukingoni. Jioni moja alionja mchuzi, akaweka kijiko chini, akasema umezidi chumvi. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Mtu akianza kulalamikia chumvi, ujue amerudi.

Msimamizi alikagua kwa gari. Alikuwa akishuka kwenye kila gati, anakitikisa kibao kwa mkono, anakiona kimesimama imara na kimeandikwa vizuri, anaweka alama yake, anaondoka. Ufunguzi ukapangwa Jumamosi. Jumanne kabla yake wakataka kujaribu njia nzima kwa kayaki, na mimi nikaombwa nikae ndani nijionee kama mikanda niliyoshona inabana mahali. Sikutaka. Lakini Makasia aliniangalia kwa jicho la mtu anayetaka kazi yake ionwe na mke wake, nikavaa jaketi.

Kayaki ile ni ya watu wawili. Nilikaa mbele, nyuma akakaa mwalimu wa kafi, mwanamume wa makamo asiyependa maneno. Kafi si kasia. Unalishika katikati kwa mikono miwili, unachota huku, unachota kule, na uso unatazama unakokwenda. Ukishazoea ni raha, nakiri. Nilikuwa nimeshaanza kujiona mtu wa michezo tulipokikaribia kibao cha kwanza, nikaona ubao mtupu. Haukuwa na rangi, haukuwa na herufi, ila vichwa vya misumari tu. Nikadhani amesahau kimoja. Tulipokipita, nikageuka. Na pale nyuma, nyeupe juu ya kijani, kizuri ajabu, kilikuwa kinanitazama: "Gati ya Kwanza, karibu."

Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Vibao vyote vilitupa mgongo tukija, kisha vikatuaga tukiondoka.

Nilielewa palepale. Makasia alivisimamisha kama alivyouona mto siku zote. Alichimbia nguzo, akarudi kwenye boti, akavuta kuteremka uso ukiwa nyuma, akatazama kama kibao kinasomeka. Kilisomeka vizuri sana. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefanya kosa lile, na hakuna mwingine ambaye angelifanya kwa uangalifu kiasi kile.

Mwalimu aliendelea kupiga kafi hadi tulipokaribia Ukuta. Huo ni ukuta wa saruji uliokatiza mto toka zamani; upande wake wa juu maji yametulia kama ya kwenye beseni, halafu yanamwagika juu yake na kuanguka upande wa pili kwenye mawe. Hapo mtu hutakiwa ashuke mapema, abebe chombo chake kupitia kijia cha pembeni, aingie tena chini. Kibao cha pale ndicho kikubwa kuliko vyote. Mwalimu alikuwa anapajua, akatupeleka ukingoni. Aliposhuka, alitembea hadi kwenye kibao, akazunguka, akasoma upande wa pili: "Hatari mbele. Shuka hapa."

"Mama," akasema, "mgeni atakitafuta kibao hiki, na atakapokiona atakuwa keshaanza kuanguka."

Nilimwambia namjua aliyeviweka na yeye anamjua. Nikamwomba anyamaze hadi kesho. Alikuna kichwa. Akasema kesho asubuhi kuna kikao na hawezi kukaa kikaoni na jambo kama lile mdomoni. Lakini hadi kesho asubuhi, hajaona kitu. Nilimshukuru, na njia nzima ya kurudi kwa gari nilikuwa natunga uongo. Nitasema upepo umevigeuza. Nitasema ni vijana watundu. Nitamwambia msimamizi kwamba mimi ndiye niliyemwelekeza vibaya. Nilimpigia binti yetu, na yeye, kwa sauti ile ya wauguzi, akanijibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha methali hiyo. Watoto ukiwasomesha ndio shukrani zao.

Nilimkuta Makasia mezani anakula. Hakusubiri nivue hata jaketi.

"Eeh? Umeviona?"

"Nimeviona."

"Ile rangi inaonekana mbali, au siyo?"

Nikasema inaonekana mbali. Akaendelea na wali wake, akasema unahitaji chumvi, na kwamba akishakuwa mlinzi wa njia atavipaka upya kila mwaka kabla ya mvua. Alikuwa na mipango. Alikuwa amepanga hadi mahali pa kutundika koti lake la mvua. Nikatazama kile kiti kando ya cherehani. Niliogopa. Nilijua namna ya kumwamsha mtu aliyeachwa na abiria, ila sikujua ningemwamsha vipi mtu aliyejiangusha mwenyewe, kwenye kitu pekee alichokuwa anakiweza.

Lakini sikuolewa nikae kimya. Nikamwambia avae viatu, anipeleke akanionyeshe kazi yake mwenyewe, kibao kwa kibao.

Alitaka twende na boti yake. Nilikataa. Alipoona naivuta kayaki nyingine ya mradi akacheka, akasema hicho si chombo, hicho ni beseni la kuogeshea watoto. Nikamjibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kama anataka kuwalinda watu wa kayaki akae kama wao. Nikamwambia akae mbele. Alijipenyeza kwa manung'uniko, magoti juu, kafi kalishika kama mwiko. Mimi nikakaa nyuma.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulifikiria. Miaka yote ndani ya chombo mimi na yeye tulitazamana. Nilimjua akichoka kwa midomo, akikasirika kwa nyusi. Sasa nilikuwa na mgongo wake tu, na kofia, na yale masikio. Chochote ambacho kingempata, ningekisoma mgongoni.

Mwanzoni alihangaika. Alikuwa anageuza shingo kila mara kutazama tulikotoka, kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Nikamwambia atazame mbele. Akatazama. Tulipokata kona ya kwanza aliacha kupiga kafi kabisa. Mbele yetu mto ulifunguka, matete pande zote mbili, ndege weupe wakiruka kwa zamu kabla hatujawafikia.

"Hawa huwa wanaruka?" akauliza.

"Siku zote wanaruka. Ukifika wewe huwa wameshatua tena."

Kibao cha kwanza kikatokea ukingoni, kimetupa mgongo wake wa ubao mtupu. Nilimwona akikitazama kinavyokuja. Kikatufikia, kikapita, akageuza shingo, akasoma maandishi yake mwenyewe. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu kakigeuza. Nikaendelea kupiga kafi. Cha pili kilipokuja na ubao wake mtupu aligeuka upesi kusoma. Cha tatu hakugeuka kusoma. Kafi aliliweka mapajani, maji yakawa yanatubeba tu, na mimi nyuma yake nikawa nauangalia ule mgongo unavyoshuka, kidogo kidogo, hadi ukafanana na ule niliouona mwaka mzima.

"Ulijua," akasema.

"Tangu asubuhi."

"Na umekaa nyuma kwa makusudi."

"Nilitaka uone kwa macho yako. Mimi nisingeweza kukuambia."

Tulielea vile kwa muda mrefu. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, yale ya kumwamshia, nikayameza. Kuna wakati mke anatakiwa apige kafi tu. Nikatupeleka hadi Ukutani, nikaisukumiza kayaki kwenye mchanga, nikamsaidia kutoka, maana magoti yalikuwa yamekufa ganzi.

Alikwenda akasimama mbele ya kile kibao kikubwa, upande wa nyuma, usio na kitu. Akageuka kutazama mto unakotoka, akatazama maji yanakoanguka. Alipima kwa macho. Niliona anaona kila kitu: mtumbwi, watoto wawili ndani, baba yao anatafuta kibao. Akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe simu."

Nilimwambia tuzungumze kwanza, tupange namna ya kusema. Akasema hakuna cha kupanga. Akampigia msimamizi pale pale, amesimama wima, kofia mkononi kana kwamba yule dada anamwona.

"Mama, ni mimi Makasia. Vibao vyote nimevipiga kinyume. Havisomeki ukija, vinasomeka ukishapita. Hapana, si upepo. Ni mimi. Cha Ukutani nakigeuza leo, vingine vyote kabla ya Jumamosi. Usimruhusu mtu ateremke kabla sijamaliza."

Nikaisikia sauti ya msimamizi, ndogo, ikisema kwamba na yeye alivikagua vyote akiwa amesimama nchi kavu, na hakuona. Akasema avigeuze. Makasia akauliza, kwa ule utaratibu wake wa kizamani, kuhusu kazi ya ulinzi. Msimamizi akasema hayo watayazungumza baadaye. Mimi nimeshonea ofisi nyingi sare, na "baadaye" ya ofisini naijua maana yake.

Nadhani na yeye alijua. Alinirudishia simu, akavaa kofia. Halafu akaikumbatia nguzo, akaanza kuitikisa. Ilikuwa imechimbiwa na mtu anayejua kuchimbia; haikutaka kutoka. Tulisukuma pamoja, tukachimbua mchanga kwa makafi, Mungu atusamehe kwa makafi ya watu, tukaigeuza, tukaishindilia kwa mawe na visigino. Alirudi nyuma hadi maji yakamfika magotini, akakitazama kutoka kule wageni watakakotokea. Akasogea kushoto. Akachuchumaa ndani ya maji, awe kwenye urefu wa mtu aliyekaa kwenye beseni lile. Akakisoma. Akatikisa kichwa kukubali.

Ningeweza kuita gari lije kutuchukua. Yeye akasema turudi kwa maji, kwa kuwa hapo juu ya Ukuta hakuna mkondo wa kutisha. Akakaa mbele tena bila kuambiwa. Tukaanza kupanda.

Na sasa, kwa sababu tulikuwa tunapanda, vibao vyote vilikuwa vinatutazama. Kila kona kimoja, nyeupe juu ya kijani, herufi zimenyooka, vinasomeka kutoka mbali kama alivyosema. Cha kwanza kilipotokea alipunguza mwendo. Akakisoma kwa sauti, polepole, kama mwanafunzi.

"Mawe, pita katikati."

Tulikuwa tumeshayapita mawe. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nikaacha kupiga kafi. Mgongo wa mtu anayecheka na mgongo wa mtu anayelia ni ule ule, na mimi sikuwa na kingine cha kutazama. Yakazidi kutikisika. Nikasema moyoni, basi, amevunjika, nimemvunja mwenyewe kwa mikono yangu.

"Baba watoto," nikamwita. "Geuka nikuone."

Akageuka kwa shida, chombo kikayumba nusura kitumwage wote wawili. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, na alikuwa anacheka, anacheka hadi hana pumzi, akinionyesha kile kibao kwa kidole.

"Wanaopanda," akasema alipoweza, "kwa wanaopanda, mke wangu, hakuna njia nzuri kama hii nchi nzima."

Nikacheka na mimi. Tulicheka hadi ndege wakahama. Alipotulia alijifuta uso kwa mkono uliolowa, akageukia mbele, akakaa anaitazama kona inayokuja. Nilisubiri. Niliona shingo inanyooka.

"Vimebaki vingapi, sijui, ila ni vingi," akasema. "Na peke yangu sitaweza kuvipima, nahitaji mtu akae kwenye maji. Kesho uniamshe mapema."

Mwaka mzima nilimwamsha mtu yule bila kuombwa. Nikamwambia atafute saa yenye kengele, mimi si mtumishi wake. Kisha nikainamia kafi langu na kuvuta kwa nguvu, upande wowote ule, kwa sababu kwa machozi nilikuwa sioni mbele tena.

"Kushoto kidogo," akasema. "Kuna gogo."